Mwaka wa Folda Tupu

Mwezi uliopita nilikwenda Kondoa kwenye harusi ya binti wa mwisho wa Sista Mwajuma, muuguzi niliyefanya naye kazi ujanani na ambaye sasa amestaafu. Nilikuwa nimekaa mkekani na kina mama, sinia la pilau katikati yetu, akaja akanishika bega akawaambia wenzake, "Huyu mnayekula naye mnamwona mpole. Huyu alinipotezea macho ya watu arobaini na mmoja." Mikono ikasimama juu ya sinia. Bibi mmoja akanitazama kama anayejiuliza aniweke kundi gani. Sista Mwajuma akacheka peke yake, akasogeza kipande cha nyama upande wangu, akasema, "Kuleni. Ni habari ndefu, na mwenyewe anaijua kuliko mimi." Ni kweli naijua. Vijana ninaowaongoza kazini nimewahi kuwapa vipande vyake, hasa kile cha kompyuta, kwa sababu ndicho wanachokihitaji. Lakini sijawahi kuisema yote, na pale mkekani niliona kwamba imeanza kugeuka kuwa habari ya kuchekesha tu. Haikuwa ya kuchekesha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza chuo nikapata kazi kwenye kliniki moja ndogo ya macho mjini Dodoma, kwa majaribio ya miezi sita. Nilipanga chumba Miyuji, nyumbani kwa Mama Chilongani, mjane mwenye sauti ya chini aliyelima uwele nje ya mji na kuufuata mwenyewe kila msimu. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo mbili na dirisha ambalo halikufunga vizuri, kwa hiyo kila nikirudi jioni nilikuta vumbi jekundu limetandazwa juu ya shuka kana kwamba kuna mtu amelichekecha. Kodi ilihusu chumba tu, lakini Mama Chilongani hakuweza kula huku mtu mwingine yuko ndani ya nyumba hajala. Akisonga ugali wa uwele na kupika mlenda, alinigongea mlango mara moja, bila kusema neno, nami nilijua maana yake. Mwanzoni mlenda ulinishinda. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa nauota kazini.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma, meza mbili na rafu ya nyaya, na ukuta wa plaiwudi uliotutenga na Bwana Mgaya, msimamizi wa kliniki. Ukuta ule haukuzuia kitu. Tulimsikia akikunja gazeti. Meza ya pili ilikuwa ya Kaka Elisha, aliyenizidi miaka kumi hivi, mtu wa kuongea taratibu, ambaye saa nne kamili aliacha kila kitu akala chapati na maharage ya baridi kutoka kwenye kopo alilofunga mkewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, chuo kilinipa cheti tu. Nilipomwonyesha kitu nilichokitengeneza nikasema kinafanya kazi, alinijibu huku akitafuna, "Usiniambie kinafanya kazi kwako, Zuhura. Niambie kinafanya kazi kwa Mwajuma." Sista Mwajuma ndiye aliyebeba programu yetu kwenda nayo vijijini.

Programu yenyewe ilikuwa hivi. Huku kwetu uwanda wa kati, na hasa vijiji vikavu vya kaskazini, kuna ugonjwa wa macho watu wanaouita vikope. Ukikomaa, kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa, mpaka linaingia ukungu. Unatibika kwa upasuaji mdogo ukiwahiwa. Daktari wetu alikuwa mmoja na vijiji vingi, kwa hiyo Sista Mwajuma alizunguka na laptopu na kamera iliyochomekwa kwa waya, akaandika jina na kijiji cha mgonjwa, akapiga picha ya jicho, na programu ikaiweka picha kwenye folda iliyoitwa "picha". Sista akirudi Dodoma, daktari alizitazama moja moja na kuchagua nani apasuliwe kwanza. Kamera haikuwa na kumbukumbu yake. Kama picha haikuingia kwenye folda ile, haikuwa mahali popote.

Kazi yetu mimi na Kaka Elisha tuliitunza kwenye Git, mfumo wa kutunzia programu, ambao hukumbuka kila badiliko: nani kafanya, lini, na kwa nini. Nilikuwa naipenda kupita kiasi. Nilikuwa mtu wa usafi, na hapo palikuwa mahali ambapo usafi wa mtu uliandikwa na jina lake. Asubuhi moja ndani ya folda ile nilikuta picha ya jicho la Kaka Elisha mwenyewe, aliyoiweka siku za mwanzo kwa kujaribia. Niliona ni uchafu. Jicho la mfanyakazi linafanya nini ndani ya programu inayokwenda kwa wagonjwa? Nikaifuta, nikaandika kwenye maelezo, "Nimesafisha," nikaituma. Kwenye kompyuta yangu hakuna kilichobadilika. Folda ilibaki, kwa sababu ilikuwa na picha zangu za majaribio, ambazo tulikuwa tumeiambia Git isizihesabu ili picha za wagonjwa zisije zikachanganyika na programu.

Wiki ile ile kliniki ilinunua laptopu mpya. Niliiandaa mimi. Nikavuta nakala mpya ya programu, nikaifungua, nikaandika jina la kubuni, ikaandika "Imehifadhiwa". Kamera ilikuwa tayari kwenye begi la Sista Mwajuma, na gari lilikuwa linawaka nje, sikuona sababu ya kumwomba aifungue. Alinishukuru akaondoka kwenda Kondoa kwa siku kumi.

Alirudi Alhamisi. Tulikuwa tunakunywa chai, tukamsikia daktari anaingia kwa Bwana Mgaya akisema majina anayaona ila picha hazipo, hata moja. Kisha Sista Mwajuma akaitwa. Niliweka kikombe chini. Kaka Elisha aliacha kutafuna.

"Nilipiga zote," alisema Sista Mwajuma upande wa pili wa plaiwudi. "Mmoja mmoja. Na kila nikipiga nilisoma neno lile, imehifadhiwa."

"Sista, mimi sisemi hukupiga," alisema Bwana Mgaya. "Nasema labda kuna mahali ulitakiwa kubonyeza hukubonyeza. Umezoea kalamu. Si dhambi."

"Nimezoea kalamu miaka ishirini. Mashine hii nimeizoea miaka miwili. Safari zote za nyuma zilikuja."

"Basi kambi ya macho ya Julai, kule vijijini, tumwachie mtu mwingine, wewe upumzike wodini."

Tulisikia kiti kikivutwa na mlango ukifungwa polepole, kama anavyofunga mtu asiyetaka kusemwa kwamba amebamiza. Na hapa lazima niseme ukweli, kwa kuwa bila huo sina haja ya kuandika. Nilikubaliana na Bwana Mgaya. Nilimpenda Sista Mwajuma, alinitania, aliniletea ndizi kutoka safari zake, lakini moyoni nilisema mama wa watu amesahau kubonyeza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilidhani kosa lina umri.

Kaka Elisha alifunga kopo lake kwanza. "Kesho," alisema, "chukua kompyuta ambayo haijawahi kuiona programu hii. Vuta nakala mpya. Chomeka kamera. Fanya kama Mwajuma, kila hatua, usiruke."

Nilifanya hivyo Ijumaa asubuhi, yeye akiwa ametoka. Nilipiga picha ya mkono wangu. Ikasema imehifadhiwa. Nikaenda kuitafuta folda ya picha nikakuta hakuna folda. Sikuamini, nikavuta nakala tena. Hakuna. Nikafungua historia ya mabadiliko na kurudi nyuma, na kulikuwa na mstari mmoja tu uliogusa folda ile mwaka mzima, "Nimesafisha", na mbele yake jina langu. Git inatunza mafaili. Folda inaijua kwa sababu tu kuna faili ndani yake, na folda isiyo na faili kwake haipo. Jicho la Kaka Elisha ndilo lililokuwa limeishikilia ile folda miaka miwili, pengine hata bila yeye kujua. Nilikaa nikisikiliza Bwana Mgaya akikohoa. Nilifikiria mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote nayakumbuka vizuri: kwamba watu arobaini na mmoja vijijini wanadhani macho yao yamefika kwa daktari, na kwamba mimi nimebakiwa na wiki tano za majaribio.

Kaka Elisha aliporudi nilimwonyesha. Alisoma mstari ule, akasoma na sehemu ya programu inayoandika picha, akavua miwani. "Wewe ulifuta," alisema. "Na mimi niliandika kipande hiki kinachotangaza imehifadhiwa bila kuangalia kama imehifadhiwa. Tumekosea wawili."

"Tufanyeje?"

"Kutengeneza ni dakika kumi. Hilo si swali lako."

Alikuwa amenisoma. Dakika kumi, na ningeituma bila maelezo marefu, na hakuna mtu kliniki nzima, isipokuwa yeye, ambaye angeweza kufungua historia ile na kuielewa. Jioni Mama Chilongani aligonga mlango. Nilikaa mbele ya ugali nikamega bila kula, akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza kadiri nilivyoweza, bila Git, kwamba kuna kosa nimefanya na mtu mwingine anasemwa kwa ajili yake. Alinawa mikono kwanza. "Huyo mama anajua?" Nikasema bado. "Anakaa wapi?" Msalato, nikasema. "Msalato si mbali," akasema, akaniongezea mlenda.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Sista Mwajuma alikuwa kibarazani anachambua mchele, ungo mapajani, na hakusimama. Nilimwamkia shikamoo akaitikia bila kuinua macho. Nikasema pale pale, nikiwa bado nimesimama, kwamba picha alizipiga vizuri, folda ndiyo haikuwepo, na haikuwepo kwa sababu yangu.

Aliendelea kuchambua. Alitoa mawe mawili, akayarusha nje. "Kaa," alisema. "Nieleze mpaka nielewe, usinieleze kama mtoto."

Nilimweleza yote, jicho la Elisha, usafi wangu, nakala mpya, neno lililodanganya. Aliuliza maswali ambayo sikutegemea, mazuri kuliko ya wenzangu wa chuo. Kwa nini safari za nyuma zilikuja? Kwa sababu jicho la Elisha lilikuwa bado limo, likiishikilia folda. Kwa nini hukunionyesha picha moja kabla sijaondoka? Nilisema gari lilikuwa linawaka nje.

"Kwa hiyo mlinipa kabati lisilo na rafu," alisema mwishoni, "nikawa naweka vitu, vinaanguka nyuma, na kabati linaniambia asante."

"Ndiyo, sista."

"Sawa." Aliweka ungo chini. "Hayo utamwambia Mgaya. Jumatatu. Na mimi niwe nimekaa pale pale aliponiambia nimezoea kalamu."

Nilimwambia. Tangu siku ile sijawahi kuogopa kusema mbele ya mkutano kwamba nimekosea. Kaka Elisha alikuja bila kuitwa akasema sehemu yake. Bwana Mgaya alisikiliza akigeuzageuza kalamu, na alipomaliza kusikiliza alimgeukia Sista Mwajuma akamwomba radhi, jambo ambalo hata leo namheshimu kwalo. Kwangu alisema majaribio yataanza upya, miezi sita mingine. Kisha akauliza wale wagonjwa watapatikanaje. "Majina ninayo," alisema Sista Mwajuma. "Nitarudi kuwapiga tena. Na huyu nakwenda naye."

Tulipanda basi la Kondoa na kushukia kwa dada yake, nyumba ya zamani karibu na msikiti, yenye ua wa ndani na vyumba vya baridi hata mchana. Asubuhi tulikunywa uji wa tangawizi, tukachukua bodaboda mbili, moja yake na moja yangu na laptopu kifuani. Siku ya kwanza tulipata watu saba, ya pili tisa. Kabla ya kila picha nilifungua folda, na baada ya kila picha nilifungua picha. Nilikuwa nimezoea kuwaona wagonjwa kama mistari: jina, kijiji, umri. Sasa niliwashikia taa. Nilimshika kidevu mama aliyenikumbusha shangazi yangu, nikaona kope tatu nyeupe zimelala juu ya kioo cha jicho lake, na machozi yanayotoka bila kulia.

Aliyenilemea moyoni kuliko wote alikuwa Bibi Tatu, aliyeishi peke yake juu ya kilima. Alikuwa anapepeta, na alipomwona Sista Mwajuma alisema kwa Kirangi maneno ambayo Sista alinitafsiria bila kuyapunguza: mlishanipiga, mnataka nini tena, au mnauza hizo picha? Sista Mwajuma alinitazama. Alikuwa na uwezo wa kunisemea, hakutaka.

"Bibi, picha yako niliipoteza mimi," nilisema kwa Kiswahili. "Sista alipiga vizuri. Mimi ndiye niliyeharibu mashine. Nimekuja kuomba nyingine."

Alikielewa Kiswahili vizuri kabisa. Aliweka ungo chini, akaingiza mkono kwenye pindo la kanga akatoa kibano kidogo cha chuma kilichong'aa kwa kushikwashikwa. "Nang'oa mwenyewe," alisema. "Kila siku ya tatu. Zikiota tena ni kali zaidi, kama bua lililokatwa. Nilipoambiwa daktari ataiona picha, nikaacha kung'oa, nikasema nizitunze azikute." Akanishikisha kibano, labda ili nikione vizuri. "Wiki tatu sijang'oa, binti."

Nilimrudishia kibano, nikashika taa. Sista Mwajuma alipiga jicho la kulia, kisha la kushoto, nami nikamgeuzia Bibi Tatu kioo cha laptopu ajione. Akasogea, akasogea tena, akasema, "Ndiyo haya," akarudi kwenye ungo wake.

Tulipata arobaini. Wa arobaini na moja, Saidi Juma, alikuwa ameondoka kwenda vibarua upande wa Babati, na nyumba yake ilikuwa na kufuli. Tuliuliza kwa majirani wote, tukaacha ujumbe dukani na msikitini, tukarudi Dodoma.

Ndipo tulipokaa kutengeneza, na haikuwa dakika kumi. Kaka Elisha alisema watu wengi huweka faili tupu ndani ya folda, likiwa na jina linaloanza na nukta, ili Git iione folda na kuibeba. Mimi nilikataa faili tupu. Nilisema mtu msafi kama mimi atalikuta siku moja na kulifuta. Niliweka faili linaloiambia Git isihesabu kitu kingine chochote mle ndani, ila lenyewe, na juu yake nikaandika kwa Kiswahili: "Humu hukaa picha za macho ya wagonjwa. Folda hii ikiwa tupu ndivyo inavyotakiwa kuwa. Usifute faili hili. Likiondoka, folda inaondoka nalo." Yeye akasema hiyo haitoshi, programu ijikague ikiwashwa, na kama folda haipo iitengeneze, na kama haiwezi ikatae kufungua kamera. Tulibishana siku nzima kuhusu lipi ni bora, mpaka Sista Mwajuma akachungulia mlangoni akauliza kwa nini tusifanye yote mawili. Tukafanya yote mawili. Kambi ya Julai alikwenda yeye, na picha zote zikarudi. Bibi Tatu alipasuliwa macho yote mawili, na nilisikia aliwagawia uji wagonjwa wenzake wodini kana kwamba ni kwake.

Wanaonifahamu leo husema mimi ni mtu wa uhakika, na wengine husema ni mgumu. Simwachii mtu kupeleka kazi kwa wateja mpaka aifungue kwenye kompyuta isiyoijua, na sikubali maelezo ya neno moja. Sioni haya kwa hilo. Ugumu huu nilijifunza kwa kumtazama mtu akisemwa kwa kosa nililolifanya mimi.

Saidi Juma alikuja mwenyewe, Desemba, wiki niliyopewa barua ya ajira. Mlinzi alinifuata ofisini akasema kuna mtu nje anamtafuta binti anayetafuta watu. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, koti zito, begi la mgongoni, ameshuka basi asubuhi ile. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaingia ukungu. Daktari alisema lile ni la siku nyingi na miezi ile isingelibadilisha. Nilimsikia. Lakini alilisema kwa haraka, kama mtu anayenihurumia, na hadi leo sijamwamini kabisa. La kulia, alisema, bado linaweza kuwahiwa.

Sista Mwajuma alikuwa wodini, kwa hiyo nilimpiga picha mimi. Nilifungua folda, nikafungua picha, nikamgeuzia kioo, nikamwonyesha jina lake chini yake.

Alilisoma taratibu kwa jicho moja. "Ongeza na jina la babu yangu," alisema. "Mrisho. Kule kwetu akina Saidi Juma tuko wanne, msije mkahangaika tena."

Nikaongeza Mrisho, nikampeleka kwa daktari.